Nyumba ya marehemu baba: tubomoe kwanza au tufuate kibali kwanza?

Shikamoo Mjomba,

Nakuandikia kutoka Dodoma, ninakofanya kazi ya uuguzi, lakini shida yangu iko Temeke kwenye nyumba aliyotuachia baba. Ni nyumba ya zamani, ile ya korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, na uwani kuna jiko, choo na banda la vyumba viwili. Baba alifariki 2016. Mama bado anaishi pale na mdogo wetu wa mwisho. Vyumba vitatu vina wapangaji, na kodi yao ndiyo inayomlisha mama.

Nyumba imechoka. Kuta zina nyufa za kuingiza kidole, paa limelala upande mmoja, na masika yaliyopita maji yaliingia hadi chumbani kwa mama. Ndugu wote tunakubali kwamba kuipiga viraka ni kupoteza hela. Tunataka kuibomoa na kujenga upya.

Kwa mama huyu tumezaliwa wanne. Kuna pia kaka yetu mwingine wa baba mmoja, yuko Tanga. Mama yake waliachana na baba zamani sana. Tangu msiba, kaka yetu mkubwa ndiye anayesimamia kila kitu. Mahakamani hakuna aliyekwenda. Tulikubaliana tu siku ya arobaini kwamba nyumba isiuzwe, mama akae. Hati anayo kaka. Imeandikwa jina la baba, ilitolewa 1989 kwa miaka 33.

Mwaka huu nimechukua mkopo kazini, milioni 45, kwa ajili ya ujenzi. Kaka amemleta fundi ambaye anasema atabomoa bure, sharti abaki na bati, mbao na milango. Kisha atajenga ghorofa moja: chini fremu mbili za maduka na chumba cha mama, juu vyumba vinne. Ufundi anataka milioni 18, nusu yake atangulize mfukoni kabla ya Ijumaa kwa sababu eti ana kazi nyingine inamsubiri. Vifaa tununue sisi. Nilipouliza habari ya kibali, akasema hilo tumwachie yeye, ana mtu wake, tutoe milioni moja na nusu taslimu na kazi ianze hata kesho, karatasi zitakuja nyuma. Nilipoomba ramani akanitumia picha ya nyumba kwenye simu.

Kaka anasema nachelewesha, kwamba mvua zitatukuta. Mama hasemi kitu, nikimpigia anajibu, "Mtakavyoona wanangu." Kaka wa Tanga hajaulizwa.

Mjomba, nianzie wapi? Kibali au mkandarasi? Na nifanyeje bila kugombana na kaka, maana ndiye aliyetulea baada ya baba?

Ni mimi,
Binti wa Temeke

MJOMBA ANAJIBU

Marahaba, mama. Nianze na Ijumaa maana ndiyo iliyo karibu: usitume hata shilingi. Fundi mwenye kazi nyingine inayomsubiri mwache aende kuifanya.

Umeuliza kibali au mkandarasi. Kabla ya vyote viwili kuna jambo ambalo hakuna kati yenu aliyeligusa kwa miaka yote hii. Nyumba hiyo kisheria bado ni ya marehemu. Kaka yako hana mamlaka ya kuibomoa, wewe huna, na mama pia hana. Ofisi ya vibali itauliza uthibitisho wa umiliki, na mwenye jina kwenye hati hawezi kusaini fomu. Yeyote atakayewaambia kwamba hilo linazungukika anawauzia matatizo, na kaka yenu wa Tanga akiamua siku moja kwenda mahakamani kuweka zuio, kazi itasimama hapo ilipofika, nondo zikiwa zimechomoza juu na riba ya mkopo ikiendelea kukatwa kwenye mshahara wako.

Kwa hiyo fungueni mirathi. Tafuteni cheti cha kifo, kaeni kikao cha familia chenye muhtasari uliosainiwa na wote, Tanga akiwemo, mchague msimamizi, kisha muende Mahakama ya Mwanzo. Bahati yenu mko Temeke, na pale pale kuna Kituo Jumuishi cha mahakama kinachoshughulikia mirathi na mambo ya ndoa. Mahakama hutoa tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze, na asipokuwepo msimamizi hupewa barua yake. Kaka mkubwa anaweza kabisa kuwa huyo msimamizi, na kwa jinsi ulivyomweleza sioni kwa nini asiwe. Ila aelewe, na ninyi mwelewe, kwamba msimamizi si mrithi mkuu wala mmiliki mpya. Ni mtu aliyekabidhiwa kukusanya mali, kulipa madeni na kugawa. Ndani ya miezi minne tangu ateuliwe anatakiwa kupeleka mahakamani orodha ya mali na madeni ya marehemu, na baadaye hesabu ya jinsi alivyogawa. Nimeona familia nyingi zikiishia kwenye ile barua ya kwanza, wakadhani kazi imekwisha.

Sasa niseme jambo ambalo hukuliuliza. Mkopo ni wako, mshahara unaokatwa ni wako. Nyumba itakayosimama itakuwa ya nani?

Kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, ardhi ni pamoja na majengo yaliyojengwa juu yake. Ukijenga kwa milioni 45 zako kwenye kiwanja cha warithi ambacho hakijagawanywa, umewajengea warithi. Kwa kuwa umetaja arobaini nachukulia mirathi yenu itafuata Uislamu: mama ana thumni yake, yaani sehemu moja ya nane, kwa kuwa marehemu ameacha watoto, na kinachobaki ni cha watoto wote, wa kiume akipata sehemu mbili za wa kike. Kaka wa Tanga ana haki sawasawa na kaka yako mkubwa. Wewe uliyekopa ndiye, pamoja na dada zako kama unao, mwenye fungu dogo kuliko la kaka zako. Silaumu mgawo huo, nakuonyesha tu unaingiza pesa wapi.

Kuna njia kadhaa za kulimaliza hilo, na zote zinahitaji karatasi. Mnaweza kuthaminisha kiwanja, ukanunua mafungu ya wanaotaka kutoka, kila mmoja akasaini mbele ya wakili kwamba amelipwa. Mnaweza kukubaliana kwamba fedha yako ni deni la nyumba, litakalolipwa kwa kodi za wapangaji kabla ya mtu yeyote kugawiwa. Au kila mmoja achangie kulingana na fungu lake, mjenge kidogo kidogo. Mimi napenda ile ya deni, kwa sababu haimtoi mtu kwenye nyumba ya baba yake. Lakini iwe na kiasi, tarehe na saini za wote, na nakala abaki nayo kila mmoja. Ile ya "tutaelewana, sisi ni damu moja" ndiyo inayojaza korido za mahakama.

Halafu hati. Mama, umeandika mwenyewe: 1989, miaka 33. Piga hesabu. Muda wake ulikwisha 2022. Hii haina maana kwamba mmenyang'anywa kiwanja, ila lazima umiliki uhuishwe, na haiwezekani kuuhuisha kwa jina la marehemu bila barua ya usimamizi. Msimamizi aende idara ya ardhi ya manispaa akaulizie mambo matatu kwa mkupuo mmoja: malimbikizo ya kodi ya pango la ardhi, utaratibu wa kuhamisha jina kwa njia ya mirathi, na kuhuisha muda. Akiwa hapo hapo aombe kuona kiwanja kwenye mchoro wa mipangomiji, maana jibu la swali lako la ramani limelala humo.

Nyumba nyingi za kizazi hicho zilijengwa zikafika ukingoni mwa kiwanja, ukuta wako ndio uchochoro wa jirani. Nyumba mpya haitaruhusiwa kukaa hivyo. Itabidi uache nafasi mbele, nyuma na pembeni, na pengine barabara ya mbele imepangiwa upana ambao leo hauonekani. Familia huvunja nyumba ya vyumba sita ikitegemea kupata vinane, halafu ikaambiwa eneo la kujengea limepungua. Kuna hali mbaya zaidi ya hiyo: kiwanja kikikutwa ndani ya hifadhi ya barabara, au ndani ya mita 60 za ukingo wa mto ambazo Sheria ya Mazingira ya 2004 imezikataza, kibali hakitoki kabisa. Nyumba mbovu iliyosimama bado inampa mama pa kulala, na siku serikali ikitwaa eneo kwa fidia inathaminiwa. Ikiwa kifusi, mnabaki na ardhi tupu ya kudai. Ndiyo maana nakwambia, na mwambie kaka yako hivyo hivyo: nyundo ya kwanza isipige ukuta mpaka kibali cha kujenga kiwe mkononi mwenu. Kubomoa nako kunataka idhini, iombeni kwa pamoja.

Fremu za maduka nazo zina lake. Kama masharti ya hati yanasema makazi tu, fremu zinahitaji kibali cha kubadilisha au kuchanganya matumizi ya ardhi kabla ya kuchora chochote. Soma ukurasa wa masharti, watu wengi hawaufiki.

Mkishajua ukubwa halisi wa kuchezea, ndipo muajiri mbunifu majengo. Awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, na kwa kuwa mnataka ghorofa, michoro ya nguzo, mihimili na jamvi, yaani sakafu ya zege, ifanywe na mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, baada ya udongo kupimwa. Picha ya kwenye simu si ramani. Haisemi nondo ni za milimita ngapi wala zinakaa umbali gani.

Mbunifu wenu ndiye atakayewasaidia kupeleka maombi. Siku hizi huingizwa kwenye Tausi, mfumo wa mtandaoni wa TAMISEMI, na malipo hufanywa kwa namba ya malipo ya serikali, ile control number, unalipa benki au kwa simu na jina la halmashauri linaonekana kabla hujathibitisha. Kwa hiyo ile milioni moja na nusu taslimu haina kwa kwenda kwenye utaratibu halali. Huyo "mtu wake" huenda hata si mfanyakazi wa ofisi yoyote. Na akiwa ni mfanyakazi, hiyo ni rushwa, na wewe mtumishi ndiye utakayeonekana umetoa. Siku mkaguzi akipita akakuta mnajenga bila kibali, ataandika zuio na alama ya X nyekundu ukutani kwenu, si kwa fundi.

Kibali kikitoka kisome. Kina masharti, kina muda wake wa kwisha, na kina hatua ambazo lazima mkaguzi wa manispaa aitwe kabla hamjafunika kazi kwa zege. Nakala ikae eneo la ujenzi.

Sasa twende kwa fundi wenu anayebomoa "bure". Ulishawahi kukagua milango ya baba? Nyumba za miaka hiyo zilitengenezwa kwa mninga na mvule, na mbao hizo zikipigwa randa leo zina bei kuliko milango mipya ya dukani. Ongeza mbao za kenchi, nondo za madirisha, masinki, matofali yatakayotoka mazima. Fundi huyo halipwi bure, analipwa kwa mali ya marehemu ambayo haijaorodheshwa mahakamani. Andikeni kila kitu, piga picha, kisha muamue nini kiuzwe na nini kitumike tena. Hata kifusi chenyewe ni mali, mtaweza kujazia msingi wenu badala ya kununua tripu za kifusi cha watu. Kisitupwe kwenye mfereji wala bondeni.

Kabla ya kubomoa, TANESCO waombwe waje wakate umeme na kuondoa mita kwa utaratibu wao. Usimwache kibarua akate waya. Kodi ya jengo tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye LUKU, kwa hiyo hakikisha hakuna deni linalobaki kwenye mita hiyo. DAWASA nao wafunge maji. Majirani waarifiwe kwa barua kupitia Serikali ya Mtaa, hasa yule ambaye ukuta wake umegusana na wenu, na pigeni picha za nyufa zake za zamani kabla kazi haijaanza ili asije akawasingizia. Juu ya paa, kama kuna vipande vya kijivu, vigumu kama saruji, badala ya bati, simamisheni. Hiyo inaweza kuwa asbesto, na vumbi lake huharibu mapafu. Wewe ni muuguzi, unalijua hilo kuliko mimi. Halivunjwi kwa nyundo wala kufagiliwa likiwa kavu, anatafutwa mtu mwenye ujuzi wa kuliondoa.

Na choo. Nyumba ya umri huo, uwani kuna mashimo zaidi ya lile linalotumika sasa. Moja likijaa watu walikuwa wakilifukia na kuchimba la pili pembeni. Muulize mama yalikuwa wapi, ndiye pekee anayekumbuka. Nguzo ya ghorofa ikikaa juu ya shimo la zamani itazama, na mhandisi hawezi kujua kama hajaambiwa. Mpeleke mama uwani siku mhandisi anapokuja, aonyeshe kwa mkono.

Kuhusu mkandarasi. Kwa nyumba ya chini ya vyumba vichache wengi wetu tumejengewa na fundi wa mtaani na nyumba zimesimama. Ghorofa ni jambo jingine. Dar imeshazika watu kwa majengo yaliyoanguka: 2013 katikati ya jiji, na Novemba 2024 Kariakoo. Tafuteni kampuni iliyosajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, CRB. Makandarasi wa majengo wana madaraja saba, la saba likiwa la kazi ndogo kabisa; nyumba yenu haihitaji daraja la kwanza. Muombe namba ya usajili na uithibitishe bodi yenyewe, usitosheke na cheti cha fotokopi. Nenda ukaone nyumba alizojenga, uongee na wenye nyumba akiwa hayupo.

Mkataba uandikwe kwa Kiswahili ili mama naye asomewe aelewe. Malipo yafuate kazi: msingi umekwisha, mhandisi ameona, lipa, kuta na linta, lipa, jamvi la juu, lipa, kupaua, lipa. Kianzio kiwe kidogo, cha kuleta watu na vifaa tu. Nusu nzima ya ufundi kabla ya jembe kugusa ardhi hakuna anayeidai kwa nia njema. Asilimia tano au kumi ya kila malipo ibaki kwenu mpaka miezi kadhaa baada ya kukabidhiwa, ili nyufa zikitokea arudi. Mkinunua vifaa wenyewe, mdogo wako wa mwisho, ambaye yuko pale pale, awe na daftari la kupokea kila mfuko wa saruji na kila nondo kwa saini. Huyo mpe kazi hiyo rasmi, umlipe kidogo. Na zege la jamvi halifanyiwi haraka: limwagiliwe maji angalau wiki nzima, na mirunda isitolewe mpaka mhandisi aseme, nguvu inayotarajiwa kwenye zege hupimwa siku ya 28.

Fedha sasa. Ghorofa mliyoieleza haitamalizika kwa milioni 45. Nondo, zege na mbao za kusetia jamvi la juu peke yake vitakula sehemu kubwa, na mtabaki na gofu. Mkadiriaji majenzi awatengenezee BOQ, yaani orodha ya kazi na vifaa vyote pamoja na gharama zake, kutokana na michoro halisi, ndipo muamue. Ushauri wangu, ambao kaka hataupenda: jengeni ya chini, yenye msingi na nguzo zilizosanifiwa kubeba ghorofa baadaye. Kibali kiombwe kwa ghorofa, ujenzi uende kwa awamu. Kama benki inaruhusu mkopo utoke kidogo kidogo, omba hivyo. Kama umeshaingia wote, uweke mahali ambapo hauwezi kuutoa kwa simu usiku kaka akikupigia.

Na kwenye bajeti sijaona mahali pa mama. Wapangaji watatu watapewa notisi, kodi inayomlisha itakoma, na yeye mwenyewe atahitaji chumba cha kupanga ambacho mwenye nyumba atadai miezi sita mkupuo. Weka hiyo juu kabisa ya BOQ, kabla ya saruji. Nadhani ile "mtakavyoona wanangu" inatokana na hapo. Mama hajui atalala wapi na anaona aibu kuuliza. Au bomoeni kwa zamu: nyumba kubwa kwanza, banda la uwani lipigwe bati jipya akae humo na mdogo wako, kama mhandisi ataridhika kwamba ni salama.

Kuhusu kaka, usimpigie simu kumpinga. Mwenye kuitisha kikao asiwe wewe. Muombe baba mdogo au mzee mwingine wa ukoo mnayemheshimu wote aitishe, na Tanga apigiwe na mzee huyo huyo. Kwenye kikao anza kwa kumshukuru kaka mbele ya watu kwa alivyowalea, kwa sababu ni kweli, kisha pendekeza awe msimamizi wa mirathi. Utakuwa umempa cheo na wakati huo huo umemfunga kwa sheria. Suala la mkopo walisikie kutoka kwako, kwa karatasi, likiwa na kiasi cha makato ya kila mwezi. Wengi hawajui ndugu mwenye ajira anabakiwa na nini.

Mvua zitanyesha, ni kweli. Mirathi na hati vitachukua miezi, kwa hiyo msimu huu umekwisha, mjiandae kwa kiangazi kinachofuata. Kwa sasa wekeni turubai zito juu ya chumba cha mama, mzibe mfereji unaoingiza maji, na yule mpangaji aliye kwenye chumba chenye ufa mkubwa mhamishieni banda la uwani. Mkishakaa kikao, nitumie picha ya ukurasa wa masharti wa hati, namba ya kiwanja uizibe, nikuangalizie habari ya fremu kabla hamjamlipa mbunifu.